Mlima Kenya kwa Mathree: Vile Utapanga Safari Bila Gari, na Siku Moja Usikubali Kukata

Kuna asubuhi zingine Nairobi, mvua ikiwa imenyesha usiku na hewa iko safi, unaweza ona Mlima Kenya ukiwa juu ya ploti yenu ama kwa daraja la Thika Road. Unaangalia zile ncha zake nyeusi, unajiambia "siku moja lazima niende," alafu mathree inakuja, unadandia, unasahau.

Hiyo siku si ya wasee wa Prado pekee. Mlima Kenya unafikika kwa matatu na boda, mpaka geti ya mbuga. Mimi sina gari, sina hata leseni, na nimeenda hivyo zaidi ya mara moja. Kuna kitu kimoja tu nataka ukishike kabla tuingie kwa maelezo: kwa hii safari, nauli si shida kubwa. Shida ni siku. Mathree inakupeleka juu haraka kuliko mwili wako unaweza zoea, na wasee wakitaka kuokoa doo, kitu ya kwanza wanakata ni ile siku ya kuzoea. Tutafika hapo.

JUA UNAENDA WAPI

Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro. Uko na vilele vitatu vikubwa: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Point Lenana, mita 4,985. Hayo majina yanatoka kwa malaibon wa Wamaasai. Wakikuyu wanauita Kirinyaga, na kwa wazee ni makao ya Ngai, so ukiwa huko heshimu mahali.

Batian na Nelion ni za watu wa kamba, kofia ngumu na mazoezi ya miaka. Watu wa kwanza kurekodiwa kufika Batian walikuwa Halford Mackinder na wenzake wawili mwaka 1899, na Nelion ikangoja hadi 1929. Wewe na mimi tunaenda Lenana. Hapo hauhitaji kamba, unahitaji miguu, mapafu na akili timamu. Pia uko na historia ya kwetu: Desemba 1963, tukipata uhuru, Kisoi Munyao ndiye alipeleka bendera ya Kenya huko juu.

Mbuga ilianzishwa 1949, na 1997 UNESCO wakaiweka kwa orodha ya turathi za dunia. Inasimamiwa na KWS.

Wakati poa wa kwenda ni Januari na Februari, ama Julai hadi Septemba. Kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba, mvua inaweza kukukosesha raha kabisa: njia zinakuwa matope, boda zinakataa kupanda, na huko juu mvua inageuka theluji. Hata msimu wa jua, kumbuka mlima kawaida uko wazi asubuhi na mawingu yanaingia mchana. Tembea mapema, fika kambi mapema.

NJIA TATU, STEJI TATU

Kuna njia kadhaa za kupanda, lakini tatu ndizo watu hutumia sana. Kila moja iko na mahali pake pa kushukia.

Sirimon. Unashukia Nanyuki, alafu unachukua mathree ya Timau ama Meru na unashuka kwa junction ya Sirimon, kama kilomita 15 kutoka Nanyuki. Kutoka hapo hadi geti ni kama kilomita 9. Kambi ya kwanza ni Old Moses, mita 3,300. Ya pili ni Shipton's, mita 4,200. Njia inapanda polepole, ni kavu, na ndiyo napendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza.

Naro Moru. Unashuka Naro Moru mjini kabla ufike Nanyuki, alafu unatafuta boda ama Probox ya kukupeleka geti, kama kilomita 17. Kambi ya kwanza ni Met Station, mita 3,050, ya pili ni Mackinder's, mita 4,200. Hii ndiyo fupi, na hapo ndipo mtego uko. Kati ya hizo kambi mbili unaongeza zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, na katikati kuna kinamasi cha mwinuko, wapandaji wanakiita Vertical Bog. Ikinyesha, unatembea kwa matope ya kufika kwa goti.

Chogoria. Hii iko upande wa mashariki, Tharaka-Nithi, kati ya Chuka na Meru. Kwa macho ndiyo tamu kuliko zote: kuna Ziwa Ellis, Ziwa Michaelson na bonde la Gorges. Lakini kutoka Chogoria mjini hadi geti ni zaidi ya kilomita 20 ndani ya msitu wa mianzi wenye ndovu na nyati, na barabara ikilowa inahitaji gari ya fobaifo. Ukienda bila gari yako, hiyo fobaifo utaikodisha, na itakula pesa kuliko nauli yote ya kutoka Nairobi. Wacha hii ya mara ya pili.

Kuanzia hapa naongea sana juu ya Sirimon, juu ndiyo inaingiana vizuri na matatu.

KUTOKA NAIROBI: MATHREE AMA TRENI

Nairobi hadi Nanyuki ni kama kilomita 200. Mathree za Nanyuki zinapatikana upande wa Accra Road na River Road, hapo Tea Room na karibu yake. Ukifika usifuate kila mtu anakuvuta begi. Ingia ofisi ya sacco, kata tiketi yenye namba ya kiti, alafu ndio ukae. Sacco kama 2NK zimezoea hiyo barabara miaka mingi.

Njia ni Thika Road, Kenol, Makutano, Sagana, Karatina, alafu Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki. Makutano ndipo barabara zinaachana: kushoto unaenda Karatina, kulia unaenda Embu na Chogoria. Ukiona mathree yako imekata kulia na wewe unaenda Nanyuki, uliza haraka. Safari ni masaa matatu hadi manne kama hakuna jam.

Mambo madogo yatakusaidia:

Toka saa kumi na mbili ama saa moja asubuhi. Ukitoka saa sita mchana utafika Nanyuki jioni umechoka, na hakuna kitu utafanya.

Kaa dirishani upande wa dereva. Ukipita Karatina na hewa iko wazi, mlima utakuwa huo upande wako wa kulia mpaka Nanyuki.

Nauli hupanda Ijumaa jioni na siku za kuamkia sikukuu. Ukiweza, safiri Jumatatu ama Jumanne. Uliza bei ofisini, si kwa makanga wa barabarani.

Begi kubwa itaenda nyuma. Simu, ID, pesa na jaketi zikae kwa begi ndogo ya mapajani. Ukiambiwa begi inalipiwa, elewana kabla gari itoke, si mkifika.

Funga mshipi. Hiyo barabara iko na lori nyingi, na dere mwenye haraka hajui wewe uko na mlima unakungoja.

Alafu kuna treni. Reli ya Nanyuki ilikuwa imekufa miaka mingi, ikafufuliwa na treni ya abiria ikarudi mwisho wa 2020, na tiketi ikiwa soo mbili. Ilianza na ratiba ya kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Cheki na Kenya Railways kama ratiba bado ni hiyo kabla upange kitu. Ni mwendo wa pole, karibu siku nzima, inapita Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, na ni poa sana kwa roho. Lakini piga hesabu: ukienda na treni Ijumaa, hautakuwa umemaliza mlima kufika Jumapili. So treni ni ya kwenda pekee, kurudi ni mathree. Na vile inafika jioni, inakulazimisha kulala Nanyuki usiku wa kwanza. Hiyo si hasara. Hiyo ni dawa, utaona mbele.

KILOMITA ZA MWISHO

Hapa ndipo wasee wa matatu huchomeka. Safari ya kilomita 200 ni rahisi, zile 9 za mwisho ndizo zinaleta stori.

Kwa junction ya Sirimon kuna boda, lakini si nyingi kama steji ya mtaa. Asubuhi utapata, jioni unaweza kosa. Elewana bei kabla upande, na sema wazi: "Boss, mpaka geti ya KWS, si katikati." Kama begi yako ni ile inakuzidi mabega, mlipe boda wa pili abebe mabegi, usiende umeegemea nyuma kama gunia. Itisha helmeti. Mkiwa wanne ama watano, Probox kutoka Nanyuki mjini hadi geti inaweza kuwa bei karibu sawa na boda za kila mtu, na mtafika mkiwa hamjatingika.

Kabla uachane na dereva, chukua namba yake na mpange siku na saa ya kukurudia. Usimlipe pesa ya kurudi mapema yote. Mlimani netwaki inakuja na kupotea, so usitegemee kumpigia ukiwa kambi. Ukipata sehemu yenye netwaki siku moja kabla ya kushuka, mtumie meseji ya kumkumbusha.

Kutoka geti hadi Old Moses ni kilomita 9 za kutembea, masaa matatu hadi manne kwa mwendo wa kawaida. Kuna barabara kabisa, hauwezi potea. Fika geti kabla saa tano asubuhi na utakuwa kambi kabla mawingu yaanze kumwaga.

ILE SIKU KILA MTU HUKATA

Mara yangu ya kwanza tulikuwa wanne. Nilikuwa nimetoka chuo, naandikia watu stori kwa kipande, na bosi wa wakati huo alinipa ofu ya siku tatu. Tukasema hiyo inatosha. Tukatoka Tea Room saa kumi na mbili asubuhi, jioni tuko Old Moses tunapiga picha. Kesho yake tukaenda Shipton's. Fikiria hiyo: asubuhi ya jana nilikuwa kejani Nairobi, karibu mita 1,800. Leo jioni niko mita 4,200.

Nilikuwa na kichwa kama kimefungwa na waya, lakini nikajiambia ni jua. Rafiki yetu mmoja alikataa chakula, akatapika, akalala. Tukamwacha apumzike, tukaona tumemfanyia poa. Kitu saa tatu usiku aliamka aende choo, na akawa anatembea kama mlevi. Hakuwa amekunywa kitu. Tukaanza kumcheka.

Aliyetuokoa ni gaidi wa kikundi kingine, mzee wa miaka hamsini hivi. Alisikia kicheko, akatoka na tochi, akamwambia rafiki yetu atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Hakuweza hatua tatu. Mzee hakubishana na sisi. Alisema tu, "Vijana, huyu hangojei asubuhi. Anashuka sai." Tukashuka naye usiku, yeye akiwa katikati, tukirudi njia ya Old Moses. Kila tukishuka akawa anaongea vizuri kidogo. Asubuhi alikuwa anaitisha chai. Lenana hatukuiona, na sijawahi juta.

Kile kilimpata kinaitwa ugonjwa wa mwinuko. Ukipanda, presha ya hewa inashuka, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Pale Lenana unapata zaidi kidogo tu ya nusu ya ile unapata ukiwa Mombasa. Mwili unaweza zoea, lakini unataka muda, na hauulizi kama wewe ni mchezaji wa boli ama unaenda jim. Msee fiti anaweza gonjeka zaidi, juu yeye ndiye hupanda mbio.

Kanuni ambayo madaktari wa milima hutumia ni hii: ukipita mita 3,000, mahali unalala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu ama nne uwe na siku ya kupumzika. Sasa cheki: kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Ratiba ya siku tatu inavunja kanuni siku ya pili tu. Ndio maana nasema nauli si shida.

DALILI ZA KUKARIRI

Hizi zijue kama namba yako ya simu.

Za mapema: kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa usingizi. Ukiwa na hizi, usipande zaidi. Kaa hapo, kunywa maji, pumzika. Zikikataa kuisha, shuka. Dawa ya maumivu inanyamazisha kichwa, haitibu mwinuko.

Za hatari: kutembea kama mlevi, kuongea vitu havieleweki, kuchanganyikiwa. Hiyo ni ubongo unavimba. Ama kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, midomo kugeuka rangi. Hayo ni mapafu yanajaa maji. Zote mbili zinaua, na zinaweza kuua kwa masaa. Usingoje asubuhi, usingoje mwenzako aliye kileleni arudi. Shuka saa hiyo hiyo, na mgonjwa asiachwe pekee yake hata dakika.

Kuna dawa inaitwa Diamox ambayo inasaidia mwili kuzoea. Usinunue tu juu rafiki alikwambia. Ongea na daktari kwanza, haswa kama uko na aleji ya dawa ama ugonjwa mwingine. Na pombe iache Nanyuki. Sherehe ni ya kurudi.

RATIBA YA SIKU SITA

Siku ya 1. Nairobi hadi Nanyuki. Ukifika, nunua chakula, kula mlo mzito, lala mapema. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900. Kama unataka picha ya kibao cha ikweta, kiko kabla uingie mjini ukitoka Nairobi.

Siku ya 2. Mathree ya asubuhi hadi junction ya Sirimon, boda hadi geti, tembea hadi Old Moses.

Siku ya 3. Hii ndiyo ile siku. Hauhami. Panda masaa mawili ama matatu bila begi kubwa, kaa huko juu kidogo, rudi ulale Old Moses tena. Utaona kama unapoteza wakati. Haupotezi.

Siku ya 4. Old Moses hadi Shipton's, kama kilomita 14, masaa sita hadi nane. Ukiona mlima umejitokeza mbele yako kwa lile bonde la Mackinder, utaelewa kwa nini wazee walisema Mungu anaishi hapo. Kula hata kama hausikii njaa.

Siku ya 5. Amka saa nane usiku, anza kupanda kitu saa tisa, na tochi ya kichwa. Lenana ni masaa matatu hadi matano, na lengo ni jua likitoka uwe karibu na juu. Baridi iko chini ya sifuri. Piga picha, usikae sana, shuka Shipton's ule, alafu endelea hadi Old Moses.

Siku ya 6. Old Moses hadi geti asubuhi, boda, Nanyuki, mathree ya Nairobi. Ukitoka kambi saa moja asubuhi, jioni uko kwako.

PESA INAENDA WAPI

Sitakuwekea bei za leo juu kesho zitakuwa zimebadilika. Lakini hii ndiyo orodha, jaza mwenyewe:

Nauli ya Nairobi hadi Nanyuki, mara mbili. Mathree ya junction na boda, mara mbili. Kitanda cha Nanyuki usiku mmoja. Ada ya KWS, ambayo inahesabiwa kwa siku, so zidisha. Kitanda cha kambi ama nafasi ya hema, kila usiku. Gaidi na mbebaji, gawanya kwa watu wenu. Chakula. Alafu ongeza moja ya tano ya jumla na uiweke kando kwa M-Pesa, usiiguse. Hiyo ni pesa ya kushuka na mgonjwa, ama ya boda kukataa, ama ya kulala Nanyuki usiku mwingine.

Ada ya mbuga inalipwa kwa eCitizen, si keshi getini. Lipa ukiwa mjini kwenye netwaki ni nzuri, na uhifadhi risiti kwa simu. Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni, lakini lazima uoneshe ID. Mwanafunzi, beba kitambulisho cha shule.

Pesa yako inatoka wapi ya siku ya kuzoea? Inatoka kwa kuwa wengi. Mkiwa wanne, gaidi mmoja anagawanywa mara nne, na Probox pia. Ni afadhali mngoje miezi miwili mchange pole pole kuliko mwende wiki ijayo na ratiba imekatwa.

Na gaidi usimkate. KWS hawataki mtu apande mlima pekee yake, na hata mkiwa kikundi, gaidi ndiye anajua mtu akigeuka rangi. Tafuta yule ako na kitambulisho cha kazi, mwombe akuoneshe. Mwulize hivi: "Mmoja wetu akigonjeka, nani anashuka naye?" Akikosa jibu, tafuta mwingine. Mbebaji naye hakikisha ako na jaketi na chakula. Anabeba mzigo wako, si mateso yako.

BEGI, KUTOKA GIKOMBA

Hauhitaji duka la Westlands. Gikomba na Toi ziko na kila kitu, ukienda asubuhi na ukiwa na macho.

Viatu vya kupanda, na uvivae mtaani wiki mbili kabla. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Jaketi nzito na nyingine ya mvua. Nguo za ndani za joto, si pamba, juu pamba ikilowa haikauki. Suruali mbili, soksi za sufu, glavu, marvin. Mfuko wa kulalia wa baridi kali. Huu unaweza kodisha Nanyuki ama kwa gaidi. Tochi ya kichwa na betri za ziada, na ulale nazo ndani ya mfuko juu baridi inamaliza chaji. Pawabenki pia. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua, hata kama wewe ni mweusi kama mimi.

Chakula: uji, ugali, ndengu zilizochemshwa, njugu, chokoleti, majani chai, sukari, tangawizi. Vitu vizito kama viazi viache.

Maji: beba chupa ya kudumu ya lita mbili ama tatu. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga za Kenya, so zile chupa za maji za supa zitabaki getini. Maji ya mito yachemshe ama utie dawa. Moto wa kuni pia haukubaliwi kiholela, beba jiko dogo la gesi. Mlima umewahi kuungua vibaya, na nyasi ya huko juu inashika moto haraka. Takataka yako yote shuka nayo.

KAMA HAUNA SIKU SITA

Usikate ratiba. Badilisha lengo.

Ukiwa na siku mbili: lala Nanyuki, asubuhi nenda Sirimon, tembea hadi Old Moses na urudi siku hiyo hiyo. Ni kilomita 18, utaona mlima vizuri, utajua miguu yako iko wapi, na utatumia sehemu ndogo ya pesa. Ukiwa na siku tatu: fanya hivyo lakini lala Old Moses, na asubuhi upande juu ya kambi kidogo kabla ya kushuka. Hapo utakuwa umejipima bila kujiweka hatarini, na siku ukirudi na siku sita zako, njia, boda na geti utakuwa unazijua.

Mimi nilirudi mwaka uliofuata. Tulikuwa wanne wale wale, na gaidi, na siku sita. Siku ya tatu tulikaa Old Moses tukicheza karata, na kuna kikundi kilitupita kikituuliza kama tumechoka mapema. Yule rafiki yetu ndiye aliwajibu: "Sisi hatuna haraka." Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu, jua lilitupata tukiwa wanne juu ya Lenana. Kisha tukashuka, tukapanda mathree Nanyuki, na tukalala njia yote mpaka Thika.